Aktiki: Kumzuia Mvuvi Hakutoshi Kumlinda Samaki

Mwaka 2009 Marekani ilifunga uvuvi wa kibiashara katika maji yake ya Aktiki, kaskazini mwa mlango-bahari wa Bering, kabla meli kubwa hazijaanza kufika huko. Oktoba 2018, mjini Ilulissat, Greenland, nchi tisa pamoja na Umoja wa Ulaya zilitia saini mkataba wa kutovua kibiashara katika bahari kuu ya katikati ya Aktiki, eneo la kilomita za mraba milioni 2.8 hivi. Mkataba ulianza kutumika Juni 2021, kwa miaka 16 ya mwanzo. Naziunga mkono hatua hizo bila kusita, kwa maana katika bahari nyingi za dunia marufuku hutangazwa samaki wakiwa wamekwisha.

Hata hivyo, bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska, inaonyesha jinsi samaki anavyoweza kupotea pasipo hata meli moja kumvua.

Mchukue qaaktaq, samaki mnono wa jamii ya salmoni, ambaye Wainupiati wa kijiji cha Nuiqsut humvua Oktoba na Novemba kwa nyavu zilizotegwa chini ya barafu changa, katika delta ya mto Colville. Hakuzaliwa hapo. Mayai yake hutagwa katika mto Mackenzie, Kanada. Barafu ya mto inapovunjika, mafuriko huwatoa vifaranga hadi baharini, kisha matlai, upepo wa mashariki, huwapeleka magharibi kando ya ufuo kwa zaidi ya kilomita 500. Kiangazi ambacho matlai ni hafifu, hufika wachache, na upungufu huo huonekana nyavuni baada ya miaka mitano au zaidi. Wanaofika hukulia Colville. Wakikomaa huirudia safari nzima kwenda kutaga.

Njia yao ni nyembamba. Wakati wa kiangazi maji ya mito hutanda ufuoni na katika laguni zilizo nyuma ya visiwa vya mchanga, yakawa vuguvugu na yenye chumvi kidogo, huku maji ya nje kidogo tu yakiwa baridi kali. Katika ukanda huo samaki hupata miezi michache ya kula na kunenepa. Majira ya baridi barafu hufikia unene wa karibu mita mbili, na penye kina kifupi hugandamana na sakafu ya bahari. Samaki hubaki kujihifadhi katika sehemu chache za deltani zenye kina.

Katika ukanda huohuo ndipo yalipojengwa matuta ya changarawe ya shughuli za mafuta. Mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay, kwenye pwani hiyo, mwaka 1968. Tuta la West Dock likajengwa miaka ya 1970, la Endicott miaka ya 1980, yote yakitoka nchi kavu kuingia baharini. Matlai yakivuma, tuta huyapotosha maji vuguvugu, na upande wake wa magharibi maji baridi yenye chumvi nyingi hupanda kutoka chini. Samaki wadogo wanaofuata ufuo waliweza kufika hapo wakakosa pa kupitia. Ubishi juu ya ukubwa wa madhara ulichukua miaka mingi, na mianya zaidi ya kupitisha maji na samaki ilikuja kufunguliwa miaka ya 1990, matuta yakiwa yamesimama zamani.

Wanaotetea ujenzi wana hoja ya kweli. Qaaktaq hawakutoweka, na upepo ndio unaoamua zaidi wingi wao. Tena kodi ya mafuta hulipia shule na zahanati za vijiji vya North Slope, yaani kaskazini mwa Alaska, na si haki mtu aliye mbali kuwaambia wakazi waiache. Lakini hoja ya upepo mimi hunitia hofu. Samaki ambaye kiangazi kimoja kibaya humpunguza hivyo, ataongezewa vizuizi vingapi? Na pwani yenyewe inabomoka: bahari ikikosa barafu, mawimbi huishambulia ardhi iliyoganda, na huko Drew Point ufuo umekuwa ukirudi nyuma zaidi ya mita 15 kwa mwaka.

Sheria haikumfikia samaki huyu. Mpango wa 2009 uliofunga uvuvi unaanzia maili tatu kutoka ufuoni, ilhali sehemu kubwa ya njia ya qaaktaq iko ndani ya maili hizo, chini ya jimbo la Alaska. Mpango unalenga spishi tatu, na qaaktaq hayumo. Hata Boreogadus saida, samaki mdogo aliyemo, mwenye damu isiyoganda kwa baridi na anayelisha sili, nyangumi weupe na ndege, hana kinga kamili: mjenzi akitaka kuingilia makazi yake, idara ya uvuvi hutoa ushauri tu, na mamlaka inayotoa kibali yaweza kuukataa ushauri huo, ili mradi ijibu kwa maandishi.

Marekebisho ya sheria hayahitaji mkataba mpya wa mataifa. Alaska ikatae tuta lolote linaloziba ukanda wa ufuo. Pasipo budi, lijengwe daraja la nguzo. Na mafuta yaliyo karibu na pwani yachimbwe kwa mshazari kutoka nchi kavu pale inapowezekana. Ushauri wa idara ya uvuvi upewe nguvu ya sheria, na kila ombi lipimwe pamoja na yote yaliyokwisha kujengwa. Wavuvi wa Nuiqsut, ambao watafiti wamekuwa wakihesabu samaki nyavuni mwao tangu miaka ya 1980, wakae mezani tangu mchoro wa kwanza, wakiwa na haki ya kusema hapana.