Mgeni Mpe Jembe: Alizeti Pori ya Mpakani



Mwezi huu tutazungumza juu ya mmea ambao wengi wetu tunaupita kila siku bila kuujali. Uko kando ya barabara. Uko kwenye mipaka ya mashamba. Ni mrefu kuliko mtu. Maua yake ni ya njano kama ya alizeti, lakini ni madogo zaidi. Upepo ukivuma, mashina yake membamba huyumba na maua yote hucheza. Watu wengi huuita alizeti pori au alizeti mwitu. Wataalamu wa kilimo huuita titonia.

Alizeti pori si ya hapa kwetu. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Ililetwa Afrika kuwa pambo, kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Kisha ikaenea yenyewe. Leo inamea Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu amekaa kwetu miaka mingi. Anakula ardhi yetu na kunywa mvua yetu. Je, tumempa jembe? Wengi bado hatujampa. Tunamwacha akae bure mpakani, huku tukihangaika kutafuta fedha za kununua mbolea.

Kazi ya mgeni huyu ni kurutubisha bustani. Lakini lazima asimamiwe. Asiposimamiwa, atageuka gugu, na atakugombanisha na jirani yako.

KUNA NINI KATIKA MAJANI?

Mimea inahitaji chakula kama sisi. Chakula kikubwa cha mimea ni cha aina tatu. Cha kwanza ni naitrojeni. Hiki hustawisha majani na kuyapa rangi ya kijani. Cha pili ni fosforasi. Hiki husaidia mizizi, maua na mbegu. Cha tatu ni potasiamu. Hiki huupa mmea nguvu ya kuvumilia ukame na magonjwa.

Katika miaka ya 1990 watafiti walifanya kazi na wakulima wa Kenya magharibi. Waliyapima majani ya alizeti pori. Waliona kwamba kilo 100 za majani makavu zina naitrojeni kiasi cha kilo 3 na nusu, na potasiamu kiasi cha kilo 4. Fosforasi ni kidogo, haifiki nusu kilo. Samadi ya ng'ombe wa vijijini, kilo kwa kilo ikiwa kavu, mara nyingi haina naitrojeni nyingi kiasi hicho.

Tena majani haya ni laini na huoza upesi. Yakifukiwa katika udongo wenye unyevu, huanza kuilisha mimea baada ya wiki moja au mbili tu.

JINSI YA KUTUMIA

1. Kata matawi machanga na majani kabla mmea haujatoa maua. Wakati huo majani yana chakula kingi. Acha shina la urefu wa goti ili lichipue tena.

2. Katakata majani na vijiti laini kwa panga. Acha mashina magumu. Hayaozi upesi.

3. Tandaza majani juu ya tuta. Kila mita moja ya mraba ipate kilo 2 na nusu za majani mabichi. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 litahitaji kilo 25. Huo ni mzigo mmoja mzito wa kichwani.

4. Yafukie siku hiyo hiyo kwa jembe. Usiyaache yakauke juani. Kina cha shubiri moja kinatosha.

5. Ngoja wiki moja. Udongo uwe na unyevu. Baada ya hapo pandikiza mboga zako.

Kama majani ni machache, yatie katika shimo la mboji pamoja na samadi na takataka za shambani. Au yaloweke katika pipa la maji kwa wiki mbili. Koroga kila baada ya siku chache. Kisha chuja, ongeza maji mara mbili ya kiasi ulichochuja, na umwagilie chini ya mmea, si juu ya majani ya mboga. Maji hayo yananuka. Weka pipa mbali na nyumba, ulifunike, na watoto wasilichezee.

BUSTANI AU SHAMBA LA MAHINDI?

Hapa tufanye hesabu kidogo. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Kila mita ikipata kilo 2 na nusu, ekari moja itahitaji kilo 10,000. Hiyo ni mizigo 400 ya kilo 25. Nani atakata mizigo hiyo yote? Nani ataibeba? Katika nyumba nyingi kazi hiyo itamwangukia mama na watoto, na wao tayari wana maji na kuni za kubeba.

Kwa hiyo usianze na ekari ya mahindi. Anza na bustani. Mchicha, sukuma wiki, kabichi na nyanya hulipa jasho lako upesi, kwa sababu huliwa nyumbani na pia huuzwa sokoni. Wakulima wa Kenya magharibi waliona vivyo hivyo. Kubeba majani mengi kwa ajili ya mahindi hakukuwa na faida kama kuyabeba kwa ajili ya mboga.

Jambo lingine ni kufanya jaribio. Chukua matuta mawili yanayolingana. Moja lipe majani, lingine lisipewe. Yapande mboga za aina moja, siku moja. Pima mavuno ya kila tuta na uandike katika daftari. Baada ya hapo utajua kama majani yanafaa katika udongo wako.

KUPANDA NA KUTUNZA

Ikiwa alizeti pori tayari imejaa kijijini kwenu, huna haja ya kuipanda. Omba ruhusa kwa mwenye eneo, kisha ukate iliyoko kando ya njia. Utapata mbolea na njia itasafishwa.

Ukitaka kuwa na mstari wako mwenyewe, tumia vipande vya shina lililokomaa. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimeta 20 hadi 40. Vichomeke ardhini mara tu baada ya kuvikata, mvua zikiwa zimeanza. Usivifukie vikiwa vimelala, kwa maana vingi havitachipua. Acha mita 1 au zaidi kati ya mstari huo na mboga. Mmea ni mrefu, na mizizi yake hunyang'anya mboga maji na chakula.

Ukumbuke pia kwamba alizeti pori haitengenezi naitrojeni kama maharage. Maharage yana vinundu kwenye mizizi vinavyochukua naitrojeni ya hewani. Alizeti pori haina. Inachota chakula kilichomo ardhini, na wewe unakihamisha kutoka mpakani kukipeleka kwenye tuta. Ukichota kila mara bila kurudisha, mpaka nao utachoka. Rudisha majivu, samadi au takataka pale ulipokata.

Na kwa kuwa majani yana fosforasi kidogo, udongo uliokosa fosforasi hautapona kwa majani peke yake. Hapo mbolea ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, inaweza kusaidia, kwa sababu ina fosforasi nyingi. Mchanganyiko wa mbolea hiyo na majani ya alizeti pori umejaribiwa Morogoro na Kenya magharibi. Muulize bwana shamba au bibi shamba wako kiasi kinachofaa udongo wenu.

HATARI YAKE

Ndugu msomaji, sehemu hii usiiruke.

Kila ua likikauka hutoa mbegu nyingi na nyepesi. Upepo huzipeleka. Maji ya mvua huzipeleka. Mashina yaliyotupwa mahali penye unyevu nayo huweza kuota mizizi. Baada ya miaka michache mstari mmoja unaweza kuwa kichaka, na majani ya malisho na miche midogo ya miti hukosa jua. Afrika Kusini imeiweka alizeti pori katika orodha ya magugu ambayo kila mwenye ardhi lazima ayadhibiti.

Kwa hiyo shika masharti haya:

- Kama haipo katika eneo lenu, usiilete. Kuna mbolea nyingine.
- Usiipande kando ya mto, karibu na msitu au katika malisho ya kijiji.
- Ikate kabla haijatoa mbegu. Nyuki huyapenda maua yake. Kama unafuga nyuki, acha mashina machache yachanue, lakini uyakate mara tu maua yanapoanza kunyauka.
- Ukitaka kuiondoa, kung'oa shina hakutoshi. Chimba kisiki chake chote, ukikaushe juani, na urudie kila inapochipua.

Sasa tuseme juu ya jirani. Usifanye alizeti pori kuwa alama ya mpaka. Leo iko kwako, kesho imeingia hatua mbili kwake. Atakuja akuambie, "Ndugu yangu, mbona unasogeza mpaka?" Na wewe utasema hukusogeza, na kweli hukusogeza. Lakini kesi imekwisha kuzaliwa. Mmea unaotembea hauwezi kuwa shahidi wa mpaka. Alama iwe jiwe, au mmea usiotangatanga, kama masale wanayotumia watu wa Kilimanjaro. Alizeti pori ipande ndani ya eneo lako, hatua chache kutoka mpakani, na kwanza uzungumze na jirani. Huenda naye akataka majani. Mkikata pamoja, hakuna mbegu itakayopata nafasi ya kuvuka.

Neno moja juu ya dawa. Wako watu wanaokunywa maji ya majani haya wanapopata homa. Sisi hapa tunazungumza juu ya mbolea, si dawa. Mwenye homa aende zahanati akapimwe mapema, hasa mtoto mdogo na mama mjamzito.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, alizeti pori ipo kijijini kwetu? Iko wapi, na inazidi au inapungua?
2. Tuta la mita 1 kwa mita 6 linahitaji kilo ngapi za majani mabichi?
3. Kwa nini tunakata kabla ya maua? Tafuteni sababu mbili.
4. Nani katika nyumba yetu atabeba majani? Tutagawanaje kazi hiyo?
5. Mipaka ya mashamba yetu ina alama gani? Je, alama hizo zinaweza kuhama?

Jibu la swali la pili ni kilo 15. Kama umelipata bila kusaidiwa, hongera. Sasa chukua panga, uende mpakani ukamwonyeshe mgeni kazi yake.