HISANI BILA DAFTARI

Ndugu wanachama,

Limezuka neno katika vinywa vya wakubwa, nalo ni "ubia". Bustani ikikauka, huletwa ubia. Jumba la kale likipasuka ukuta, huletwa ubia. Mtaa ukitakiwa kupangwa upya, mara husikia kwamba Serikali imeshikana mikono na shirika fulani lisilotaka faida, na kwamba raia hana la kufanya ila kupiga makofi. Atakayesema, "Hebu tuonyeshwe mkataba," huambiwa kuwa hana shukrani, tena ana siasa. Mimi ni mwenye duka, na neno hilo la ubia nimelijua tangu siku niliposhika mizani kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo nimeomba nafasi katika karatasi yetu hii ili nilipime mbele yenu, kila mtu ajionee uzito wake.

Ubia, ndugu zangu, si urafiki. Sheria tuliyoisoma chuoni imeuwekea mlango wake na masharti yake. Katika mudharaba mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi, na fungu la kila mmoja katika faida hutajwa siku ile ile ya kufunga maagano. Lisipotajwa, maagano hayo hayasihi. Na aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani Tukufu, nayo imo katika Sura ya Al-Baqara, si ya sala wala si ya funga: ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Mwenyezi Mungu hakuona kuwa kumtaka mtu aandike ni kumvunjia heshima. Iweje basi leo ionekane ni utovu wa adabu raia akitaka kuyasoma yaliyoandikwa juu ya mali yake mwenyewe?

Wala tusidanganyane kwamba hisani katika mji ni jambo geni lililoshuka na ndege. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu. Mtu aliyejaaliwa alichukua nyumba yake au duka lake, akalifungia milele: pato lake liende msikitini, au kwa kizazi chake, au kwa mafakiri wa mtaa; akamtaja msimamizi, na msimamizi yule akawa hana ruhusa ya kuligeuza sharti hata moja kwa matamanio yake. Mwaka 1905, katika zama za himaya ya Waingereza, iliundwa Kamisheni ya Wakfu kuzisimamia mali hizo, na katika uendeshaji wake yapo mengi yaliyolalamikiwa. Lakini msingi wake tuushike, kwani ndio kipimo cha maneno yangu yote: katika wakfu, mtoaji hujifunga yeye kwanza. Akishatoa, ametoa. Hawezi kesho kurudi kwa mlango wa nyuma akachuma alichokitoa jana.

Tuitazame sasa Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa mwaka 1936, kwa ajili ya kutimia miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub. Tangu hapo imekuwa baraza ya kila mtu: mwenye nacho na asiye nacho, wa Shangani na wa Ng'ambo, mwenye kula pweza na mwenye kunusa tu harufu yake. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Ilipofika 2008, bustani ilifungwa ikatengenezwa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni kwa kushirikiana na Serikali, ikafunguliwa tena mwezi wa Julai 2009. Ukuta wa bahari ulitiwa nguvu, njia zikatandikwa, taa zikawashwa. Kazi ilikuwa nzuri, na asemaye kuwa haikuwa nzuri hana macho. Kabla ya hapo shirika hilo hilo liliifufua ile Dispensari ya kale aliyoijenga Tharia Topan, na likasaidia kuandika mpango wa hifadhi wa mji wote katika miaka ya 1990. Simtukani marhumu Aga Khan wa nne, aliyefariki Februari 2025, wala jamaa zetu Maismaili, ambao ni watu wa mji huu kama sisi.

Lakini penye haki husemwa. Mwaka 1997, hapo hapo Shangani, jumba la kale la simu za ng'ambo lilifunguliwa kuwa hoteli ya Serena, na hoteli hizo ni za mkono wa biashara wa nyumba hiyo hiyo ya Aga Khan. Basi mkono mmoja hutoa bure, na mkono wa pili huuza vyumba. Na pwani ikipendeza, chumba kinachotazama bahari hupanda thamani. Si haramu. Mfanya biashara yeyote angependa jirani yake afagie njia. Ila mwenye duka ajuaye kazi yake hachanganyi sanduku la sadaka na sanduku la mauzo, na mteja akiuliza lipi ni lipi, humfungulia daftari.

Sasa ninawauliza, wanachama: nani katika sisi aliyepata kuusoma mkataba wa Forodhani? Umefungwa kwa miaka mingapi? Nani hukusanya kodi ya meza za wachuuzi, na hwenda wapi? Nani ana uwezo wa kumwambia muuza urojo kwamba kesho asirudi? Ukuta ukibomoka tena, ni juu ya nani kuujenga? Huenda majibu yote ni mazuri. Jibu zuri haliogopi kusomwa. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila khabari, na hawakumvua katika hukumu hiyo mwenye mali ya hisani.

Watatujibu, "Mkiwasumbua wafadhili watakimbia, na mtabakiwa na wachumaji." Watatuonyesha Mambo Msiige, jumba la karne ya kumi na tisa lililokuwa na ofisi za Serikali, ambalo mwaka 2015 lilifunguliwa kuwa hoteli ya Park Hyatt pamoja na jengo jipya ubavuni mwake, hata Kamati ya Urithi wa Dunia ikanung'unikia ukubwa wa jengo hilo. Au watatuonyesha Beit el Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 wakati ikitengenezwa kwa fedha za Serikali ya Oman, wakafa watu wawili, Mungu awarehemu. Watasema, "Je, hamuoni bora wenye hisani?"

Naam, mwenye hisani ni bora kuliko mchumaji. Lakini kosa si kuja kwa huyu au yule. Kosa ni kuwa wote hupitishwa katika mlango mmoja, mlango wa ndani, ambao raia hauoni ila ukishafungwa. Mlango ukiwa huo, leo atapita mwema, kesho atapita mwenye kujifanya mwema, na sisi hatutawatambua, kwani wote watakuwa wamevaa kanzu moja ya "hakuna faida".

Na yapo ya kuzingatia hata katika nchi zilizotutangulia katika mambo haya. Katika mji wa Cincinnati, Marekani, upo mtaa uitwao Over-the-Rhine, wenye majumba ya kale kama ya kwetu, na wakaazi wake wengi walikuwa Weusi maskini. Mwaka 2001 kulitokea fujo kubwa baada ya polisi kumwua kijana asiye na silaha. Mwaka 2003 meya na makampuni makubwa ya mji wakaunda shirika lisilo la faida, liitwalo 3CDC, kuujenga upya mji wa kati. Halina wenye hisa wa kugawana faida, hilo ni kweli. Kwa fedha za makampuni, za mji na za misamaha ya kodi lilinunua majumba mengi, likayaokoa yasianguke. Bustani ya mtaa, Washington Park, ilifunguliwa upya mwaka 2012, na chini yake pamechimbwa maegesho ya magari. Lakini bwawa la kuogelea na viwanja vya mpira wa kikapu, walipokuwa wakicheza watoto wa mtaa, havikurudi. Zikaja nyumba za kodi kubwa na mikahawa, na wengi wa watu wa kale wakahama. Hapana aliyeiba. Mji ulipendeza, ila haukuwapendezea wale waliouvumilia ulipokuwa mbovu.

Hilo ndilo la kuogopwa, khasa na sisi wa Ng'ambo. Tunakumbuka kuwa nyumba za wazee wetu zilivunjwa ili yajengwe majumba ya Michenzani. Na katika miaka ya 2010 idara ya mipango miji, pamoja na shirika la Kiholanzi na mji wa Amsterdam, iliandika mpango ulioitwa "Ng'ambo Tuitakayo". Jina ni tamu. Lakini katika neno "tuitakayo" imo herufi ya watu, nayo ni "tu". Ni nani hao? Mpangaji wa chumba kimoja yumo? Mama wa maandazi yumo? Au ni "tu" ya wale waliokaa mezani?

Basi chama chetu kisiseme, "Hatutaki wafadhili." Hilo ni neno la mkataa pema, ambaye pabaya panamwita. Kiseme matano haya, na kila tawi liyahifadhi. Kwanza, kila mkataba juu ya bustani, jumba au mtaa wa umma utangazwe kwa Kiswahili kabla haujatiwa saini, na upelekwe Baraza la Wawakilishi. Pili, utajwe muda wake, na kwamba ukiisha mali hurudi kwa umma. Tatu, wachuuzi na wapangaji wawe na wajumbe wao katika kamati, waliochaguliwa na wenyewe. Nne, mfadhili mwenye biashara jirani na hisani yake aitaje waziwazi. Tano, hesabu zisomwe kila mwaka hadharani.

Atakayekuja na nia njema atayaona matano haya ni mepesi, kwani mwenye kuweka wakfu aliyaona mazito zaidi na akayakubali kwa radhi yake. Atakayeyaona mazito, tumshukuru kwa safari yake na tumsindikize bandarini. Na Serikali itakayoyakataa itakuwa imekiri kwa ulimi wake kwamba iliyonayo si hisani ya mgeni, bali ni mali ya mwenyeji, imeuzwa naye hayupo.

Wabillahi tawfiq.

Mwenye Duka, Ng'ambo