Anyonyeshwe, alazwe chali

Kuna kifo ambacho majirani hukimaliza kwa maneno mawili: mama kamlalia. Mtoto wa miezi mitatu kanyonya, kalala, asubuhi hakuamka. Hakuwa na homa wala hakuharisha. Wapo watakaosema ni kijicho, wengine watamtazama mama kwa pembeni mpaka arobaini ipite. Mara nyingi mtoto huzikwa siku hiyohiyo bila mwili kupimwa, na kifo chake hakiingii kwenye hesabu yoyote.

Madaktari wanakiita kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, yaani kile ambacho hata baada ya uchunguzi hakipatiwi sababu. Vingi hutokea kabla ya miezi 6, na kipindi kibaya zaidi ni kati ya mwezi wa 2 na wa 4. Kinga yake si siri. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa New Zealand waliwalinganisha watoto waliokufa hivyo na wenzao walio hai, wakakuta mambo yaleyale yakijirudia: mtoto kulazwa kifudifudi, mama kuvuta sigara, mtoto kutonyonyeshwa. Mwaka 1991 nchi hiyo ikaanza kuwafundisha wazazi. Uingereza nayo ikaanza mwaka huohuo, mtangazaji wa televisheni Anne Diamond akiwa mstari wa mbele baada ya kufiwa na mwanawe, Sebastian. Marekani ilifuata mwaka 1994. Miaka michache baadaye vifo vilikuwa vimepungua kwa nusu na zaidi, na wala haikununuliwa mashine.

Wahudumu wetu wasiwacheke bibi wanaosisitiza mtoto alale kifudifudi. Dk. Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni, alishauri hivyohivyo kwa miaka mingi.

Hofu ya bibi ni kwamba mtoto aliyelala chali atacheua na kupaliwa. Mwili umeumbwa vinginevyo. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na ya chakula chini yake, kwa hiyo alichocheua hakipandi kirahisi kuingia kwenye pumzi. Akigeuzwa kifudifudi, mpangilio nao unageuka, na pua yake inabaki kwenye shuka akivuta hewa ileile aliyoitoa. Tukiongeza mto laini, blanketi zito na kofia ya sufu katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, tunamweka pabaya kwa mapenzi yetu wenyewe.

Kulala na mama kitanda kimoja ndiyo hali ya nyumba zetu nyingi, na kuikemea bila kueleza hakusaidii mtu. Hatari inapanda sana pale aliye kitandani amelewa au anavuta sigara, au mtoto alipozaliwa njiti. Sofa ni mbaya kuliko kitanda: mama anayenyonyesha saa nane za usiku huku anasinzia, heri anyonyeshee kitandani, mito na mablanketi yakiwa yameondolewa.

Sasa maziwa yenyewe. Uchambuzi wa tafiti 8 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mtoto aliyenyonya kwa angalau miezi 2 hatari yake hupungua karibu nusu, hata kama hakunyonya maziwa ya mama pekee, na kadiri anavyoendelea ndivyo kinga inavyokua. Anayenyonya huamka kwa wepesi zaidi usingizini, na maziwa humkinga na maambukizi ya kifua na tumbo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa maziwa ya mama tu kwa miezi 6 unabaki palepale, lakini mama aliyeshindwa kufika huko asiambiwe kwamba amepoteza kila kitu.

Wengi wanashindwa kwa sababu ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, na Kenya inatoa miezi 3. Hesabu mwenyewe: mama anarudi kazini katikati ya kipindi kilekile cha hatari. Sheria hiyo ya Tanzania inampa pia muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Muulize mhudumu wa duka au mfanyakazi wa kiwandani kama amewahi kuzipata. Mwajiri anayemnyima anavunja sheria, na wakaguzi wa kazi waanze kuziuliza saa hizo wanapopita.

Mchana, mtoto huyo anabaki na bibi au dada wa kazi. Hao ndio wanaomlaza, lakini si wao wanaokaa kwenye benchi la kliniki kusikiliza somo. Baba naye, mwenye sigara yake sebuleni, hayupo. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinaangukia humohumo kwenye miezi ya hatari, na mama yuko foleni tayari. Tunawaomba wauguzi, kabla sindano haijachomwa, waulize maswali mawili: mtoto analazwaje, na nani anamlaza ukiwa kazini? Huyo anayetajwa, aje naye safari ijayo.