Lori Likisimama, Nani Analipa?

Lori likisombwa na maji kule Tana, utasikia watu mtandaoni: “Huyo dereva alikuwa anafikiria nini?” Alikuwa anafikiria doo, msee. Na si tamaa, ni hesabu.

Madereva wengi wa lori wanalipwa kwa tripu. Ukikwama Madogo siku tatu ukingoja maji yapungue, siku hizo ni zako: chakula chako, cha utingo, na mdosi kwa simu, “Mbona umesimama?” Ameshaona kwa traka. Basi unajaribu kupita. Tuliona Aprili 9, 2024 pale Tula, basi lilivyosombwa na abiria 51 wakaokolewa. Basi lina abiria wa kupiga kelele. Dereva wa lori anabishana na nani?

Ukielekea Wajir na Mandera hatari inakuwa bunduki. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab walishambulia basi na lori. Kungoja polisi wa kuwasindikiza nako ni siku isiyo na malipo.

Kampuni zinapenda kugawa makoti ya kung’aa na semina ya siku moja. Sawa, lakini traka hiyo hiyo inayomchongea dereva inaweza kuhesabu siku alizongoja, alipwe. Nanyi wenye mizigo ya Dadaab, msijifiche nyuma ya kampuni. Wekeni siku za kungoja kwenye mkataba kabla lori halijapakiwa. Mvua ya Machi hadi Mei haijawahi kuwa siri.