Maganda ya kinkina: mukulima anauza kilo, izini inauza kinini

Tangu tarehe 13 mwezi wa 6, 2022, siku M23 walikamata Bunagana, mutu akitaja mupaka huu watu wanafikiri silaha na pesa za duane. Wako na haki. Lakini kuko hesabu ingine, ya zamani kuliko vita hii. Kupitia Bunagana kwenda Kisoro, na Kasindi kule Beni, Kivu ya Kaskazini inatoa mazao mabichi na inaingiza vitu vyenye vimekwisha kutengenezwa. Ingia famasi ya Goma, soma nyuma ya karto za dawa: India, tena India.

Chukua kinkina. Muti huu ulitoka milima ya Amerika ya Kusini, Wabelgiji wakaupanda Kivu. Mwaka 1942 Wajapani walikamata Java, kulikotoka sehemu kubwa ya kinini ya dunia, na maganda ya Kongo yakaanza kutafutwa sana. INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa 1933, lilikuwa na kituo Mulungu, karibu na Bukavu. Leo kituo ni cha INERA, na izini ya Pharmakina iko Bukavu.

Kinkina si muhogo. Inaomba miaka saba, nane, hata kumi mbele ya kuvuna vizuri. Aina ya ledgeriana inatoa kinini mingi lakini mizizi yake ni zaifu, njo maana inaungwa juu ya mizizi ya succirubra. Ugonjwa wa Phytophthora ukiingia shambani, mizizi inaoza na miti inakauka. Mambo hayo yanaomba mutu wa masomo anayepita kwa wakulima. Lakini mukulima wa Lubero ao wa Beni anauza tu kwa kilo. Chenye kinalipa izini si kilo, ni kinini iliyo ndani. Magunia mawili ya uzito mumoja yanaweza kuachana mara mbili na zaidi kwa kinini, na mwenye shamba hajui lake ni lipi. Mwenye kupima ni mununuzi!

Vita inaongeza hasara. Mutu mwenye hajui kama mwaka kesho atalala kwake hangoji miaka minane. Anakata muti mudogo, wenye kinini kidogo, anapata franga za kukimbia nazo. Bukavu yenyewe ilianguka mwezi wa 2, 2025.

Kuko wanaosema kinini imepitwa. Ni kweli kwamba tangu 2011 OMS inashauri artesunate kwa malaria kali, ya wakubwa na ya watoto. Lakini artesunate nayo inatoka mumeani, artemizia, na haikupatikana kwa bahati. Serikali ya China ilianza mupango wake wa utafiti 1967. Tu Youyou akachimba maandiko ya zamani ya waganga wa kwao, akapata Nobel 2015. Sisi, inchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria nyuma ya Nigeria, tunanunua.

Hata hapa ngambo ya Bunagana mambo ni tofauti. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Mbarara kilitoa Covidex, dawa ya mimea, na ofisi ya dawa ya Uganda ikairuhusu kama ya kusaidia matibabu. Nguvu yake inaweza kubishwa, mimi pia nabisha. Lakini mwalimu wa chuo na ofisi ya kuchunguza dawa walikuwa wanasemezana.

Tena, utafiti si kazi ya labo tu. Maganda ya Prunus africana, yanayotengenezwa dawa ya prostate, yako chini ya ulinzi wa CITES tangu 1995. Mwaka 2007 Ulaya ilisimamisha kuyapokea kutoka Kongo na inchi zingine za Afrika, sababu hakuna aliyeweza kuonyesha miti ingapi imebaki porini. Kuhesabu miti tu.

Labo ya kupima kinini haiombi mulima wa pesa. Iwekwe Butembo, kwenye magunia yanakusanywa, iwe ya INERA ao ya chuo kikuu, isiwe ya mununuzi. Mukulima apewe karatasi yenye namba, aende sokoni nayo mukononi.