Kibarua wa Foleni: Neno Tulilo Nalo Tayari

Wapo wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza kazi za ndani za kompyuta mpaka zibuniwe kwanza istilahi mpya. Siafiki. Mara nyingi tunakimbilia kubuni kabla ya kutazama ghalani mwetu. Mfano wangu leo ni foleni ya kazi, utaratibu wanaoutumia watunzi wa programu kila siku.

Tulianze jambo lenyewe kwa lijulikanalo, kama tulivyozoeshwa sisi tuliofunzwa ualimu. Msomaji ananunua diwani katika tovuti. Baada ya agizo, kompyuta inapaswa kumtoza fedha, kutengeneza stakabadhi, kuituma kwa baruapepe na kumwarifu mtunza ghala. Ikiyafanya yote papo hapo, mnunuzi atabaki akiukodolea macho ukurasa usiofunguka. Kwa hiyo huandika ujumbe mfupi wenye jina la kazi na mahitaji yake, huuweka kwenye foleni, kisha humjibu mnunuzi kwamba agizo limepokewa. Programu nyingine, pengine katika kompyuta nyingine kabisa, huuchukua ujumbe huo na kuutimiza. Hivyo ndivyo ifanyavyo Celery, programu ya lugha ya Python iliyoanzishwa na Ask Solem mwaka 2009, huku foleni ikitunzwa na RabbitMQ au Redis.

Huyo mtendaji wa kazi za foleni tumwiteje? Nasema tumwite kibarua. Kibarua ni mtu wa kazi za kutwa. Na neno lilo hilo, kwa umbo lake, ni barua ndogo. Kazi huja kwa barua ndogo, na aipokeaye ni kibarua! Vibarua wakiongezwa, foleni hupungua. Wakiondolewa, duka halifungwi, ila kazi husubiri. Ni neno gani la kubuni lingeyabeba haya yote?

Mtunza foleni, wengine humwita dalali kwa kufuata neno la Kiingereza. Hapo napinga. Dalali hupatanisha bei na kuchukua ujira wake. Huyu hupokea, huhifadhi na kugawa tu. Karani wa foleni yatosha.

Ama sifa kuu ya utaratibu huu, Waingereza wameieleza kwa neno la asili ya Kigiriki lisemalo tu kwamba mambo hayaendi kwa wakati mmoja. Sisi tuna kauli ya kutendana: kazi zisizongojana. Mwanafunzi hulielewa mara moja, kwa kuwa kitenzi chenyewe kimebeba maelezo.

Mtu atauliza, neno likikosewa kuna hasara gani? Ipo. Kibarua wa Celery, asipoelekezwa vingine, humwambia karani "nimepokea" kabla tu ya kuanza kazi, na karani huufuta ujumbe. Kompyuta ya kibarua ikizimika katikati, kazi imepotea. Anaweza kuelekezwa aseme "nimemaliza" baada ya kutenda. Hapo ikizimika, kazi hupewa mwingine. Lakini huenda ikatendwa mara mbili, na mnunuzi akatozwa mara mbili, isipokuwa kazi iwe imetungwa hivi kwamba kurudiwa kwake hakudhuru. Mwongozo unaoziita hali zote mbili "uthibitisho" humwacha kijana gizani, na anayelipa gharama ya giza hilo ni mnunuzi. Kupokea si kumaliza. Hata mtoto aliyetumwa dukani analijua hilo.

Washairi wenzangu, mmezoea kulipima neno kwa vina na mizani. Nawaomba mlipime pia kwa kazi linayotumwa. Vijana wanaojifunza utunzi wa programu hawahitaji tuwafinyangie maneno wasiyoyajua wao wala wazazi wao. Wanahitaji tukae nao, tuwaulize kila kitu kinatenda nini, ndipo tufungue kamusi.