Waipa kabla ya masika

Wiki iliyopita, tukirejea Mbagala baada ya sala ya Isha, mvua ilitukuta njiani. Waipa ya upande wangu ikaacha utepe wa maji usawa wa macho, na taa za magari yaliyotukabili zikatawanyika kioo kizima. Watoto walikuwa wamelala nyuma. Niliegesha pembeni hadi mvua ilipopungua.

Aibu ni kwamba mpira ule ulikuwa umekwisha tangu kiangazi. Jua huukausha hata kama waipa haitumiki. Pitisha kidole ukingoni: ukiwa mgumu, umechanika au umejikunja, haufai tena. Ukiwa mchafu tu, kitambaa na maji ya sabuni hutosha.

Usiende dukani kwa kukisia. Pima kila waipa kwa inchi, kwani ya dereva aghalabu ni ndefu kuliko ya abiria, nawe uichukue ile ya zamani ili kulinganisha kishikizo. Iliyozidi urefu huweza kumgonga mwenziwe.

Kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Kwa magari mengi yenye mkono wa kulabu, unainua mkono, unabonyeza kibano, kisha unatelezesha waipa kuelekea chini. Ila kwanza tandika taulo nene juu ya kioo. Mkono uliovuliwa waipa una springi kali. Ukiponyoka, chuma hupiga kioo na kukipasua, na bei ya kioo waijua. Kwetu binti yangu ndiye aliyeshika taulo; sasa anadai afundishwe kubadili gurudumu.